Maneno ya Mke wa Mkalimani

Watu wengi hudhani kwamba kuuliza ni dalili ya ujinga, kwa hiyo anayejiona anajua huona haya kuuliza. Wahenga waliliona kosa hilo mapema wakasema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Maana yake ni kwamba elimu humjia yule anayefungua kinywa kuiomba, na anayejifanya ameshajua hulala na kile kile alichoamka nacho. Methali hii huelekezwa zaidi kwa watoto wa shule, lakini wapo watu wazima, tena wenye mvi na heshima zao, ambao ingefaa waambiwe kila asubuhi pamoja na chai. Mmoja wao alikuwa mkalimani wa mahakama ambaye mji mzima ulimwita Kinywa.

Jina hilo alilipata kazini, wala hakulichukia. Mahakamani alisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, koti limepigwa pasi, mikono mgongoni. Shahidi angelia, angeapa, angerudi nyuma kuanza upya, angeingiza mbuzi wa jirani na maumivu ya kiuno, na Kinywa angemsikiliza hadi mwisho huku amefumba macho. Kisha angemgeukia hakimu na kusema, "Anasema hakuwepo." Basi, yamekwisha. Mahakimu walimpenda kwa sababu kesi zilikwenda mbio. Mawakili nao walitania kwamba mtu akipita mdomoni mwa Kinywa hutoka amenyooka kama shati la harusi.

Tatizo ni kwamba Kinywa alikuwa akirudi na kazi nyumbani. Mgeni akimwuliza mkewe, "Hujambo, mama?" yeye ndiye aliyejibu, "Hajambo, ila miguu kidogo." Muuza mboga akiuliza, "Mama, nikupimie fungu gani?" Kinywa alidakia, "Anataka lile la pembeni." Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele kilichotazama barabara. Wateja walimwita Mama Fundi. Kwa mumewe alijulikana kuwa mtu wa maneno machache. "Mke wangu ni kimya kama maji ya mtungi," Kinywa alipenda kuwaambia watu, naye mkewe ameketi pale pale, hasemi neno. Angelisema lini, na mwenzake hajanyamaza?

Siku zikaenda, Kinywa akastaafu. Wenzake wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alianza kuandika hadithi. Aliona hadithi zimepita mdomoni mwake kwa miaka mingi bila kumwachia hata senti ya sifa, na sasa ilikuwa zamu yake. Akaandika juu ya kijana mmoja aliyekwenda kumposa binti fundi wa kushona. Kijana huyo alikuwa yeye mwenyewe, na binti alikuwa mkewe, ingawa humo ndani aliwaita "kijana" na "binti" tu, kwa staha. Alipomaliza aliisoma mara nyingi, akajipongeza, akaipeleka kwenye jarida la hadithi lililokuwa na ofisi pale mjini.

Wiki hiyo hiyo binti yao wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Simu ikalia. Baada ya vigelegele na pongezi, binti akasema, "Baba, nataka mama aje akae na mimi. Mpe simu niongee naye."

"Mama yako anasema atakuja," Kinywa alijibu bila kutoa simu sikioni. "Anasema atakaa mwezi mmoja, halafu arudi."

Mama Fundi alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, akikunja kitambaa. Alimtazama mumewe, akamaliza kukunja, akaingia chumbani. Jioni Kinywa alimkuta amelishusha begi kubwa kutoka juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na nguo, na juu ya nguo mlikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia, futi ya kupimia, kopo la vifungo na kile kitabu cha mishono ambacho hakijawahi kutoka nje ya chumba cha mbele. Mtu anayekwenda kukaa mwezi mmoja na mjukuu habebi mkasi mkubwa. Mtu abebaye mkasi mkubwa anakwenda kufungua kazi, na afunguaye kazi mahali, mahali hapo ndipo kwake. Mtu mwingine angeuliza pale pale. Kinywa alisimama mlangoni akakohoa, kisha akasema, "Naona unajiandaa vizuri," akaenda zake kusikiliza taarifa ya habari.

Kesho yake aliitwa na jarida. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, chini yake duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda na ngazi hadi mlangoni. Mhariri alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, miwani ameipandisha kichwani, na mezani pamejaa karatasi zilizokandamizwa kwa vikombe ili feni isizipeperushe.

"Mzee wangu, karibu, keti. Hadithi yako nimeisoma," alisema. "Nikuulize kitu. Hawa watu wako ni mabubu?"

"Mabubu kivipi, mwanangu? Wanaongea mwanzo hadi mwisho."

"Wanaongelewa. Sikia: 'Kijana alieleza kwamba alikuwa amevutiwa na tabia ya binti. Binti alisema kwamba alikuwa amekubali. Mama wa binti alithibitisha kwamba hakuwa na pingamizi.' Hii ni posa au kesi ya kiwanja?"

Kinywa alicheka, lakini uso ulimshuka kidogo. Mhariri hakuwa na nia ya kumdhihaki. Alivuta karatasi safi akamchorea alama za kufungua na kufunga semi, kama anavyofundishwa mtoto. Alimwambia kwamba shuleni uandishi wake ule wanauita usemi wa taarifa, nao una kazi yake, lakini hadithi yote ikiandikwa hivyo msomaji anakuwa kama mtu anayesikilizia ugomvi wa jirani kupitia ukuta.

"Mtu akitaka kusema, mfungulie semi aingie mwenyewe," alisema. "Akimaliza, funga semi. Koma au nukta au alama ya kuuliza aingie nayo ndani, asiiache mlangoni, maana ni yake. Akija mwingine kusema, mpe mstari wake mpya. Usiwarundike wawili kwenye mkeka mmoja, msomaji atashindwa kujua mguu huu ni wa nani. Na usiniambie 'alisema kwa hasira'. Nipe maneno yenyewe, hasira nitaiona."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, kwa leo."

Kinywa alikuwa mtu makini, na kanuni hazikumtisha. Alishinda mezani akifungua na kufunga semi, kila koma mahali pake, kila msemaji na mstari wake. Alipoirudisha kazi, mhariri aliishika, akasoma ukurasa mmoja kimya, kisha akafunika kwa kiganja sehemu zote zilizotaja msemaji.

"Mzee wangu, alama umezipatia, hapo sina neno. Sasa nisomee hii mistari mitatu. Nani anasema?"

Kinywa alisogeza karatasi akasoma. "Nimelitafakari ombi lako na sioni sababu ya kulikataa." Mstari wa pili ulisema, "Ninashukuru kwa ufafanuzi wako, nami sina la kuongeza." Wa tatu ulisema, "Kwa kuwa pande zote zimeridhiana, tuendelee na hatua inayofuata." Aliyaandika yeye mwenyewe jana yake, lakini kiganja cha mhariri kilipoficha majina hakuweza kutambua. Alikisia. Akakosea yote.

"Wa kwanza ni binti, wa pili mama yake, na huyu wa tatu ni muuza kahawa aliyekuwa anapita," mhariri alisema. "Muuza kahawa, mzee wangu! Hawa wote ni wewe. Umevaa gauni, umevua, umevaa jingine."

Hapo Kinywa alicheka kweli, mpaka akafuta machozi. Kisha kicheko kilikatika, kwa sababu mhariri aliuliza swali jingine, kwa upole zaidi.

"Huyu binti. Kijana alipomwambia anataka kumwoa, alimjibu nini?"

"Alikubali."

"Hiyo ni taarifa. Alisema nini? Neno kwa neno."

Kinywa aliikumbuka siku ile vizuri: mlango wa duka la fundi, vumbi la nyuzi, yeye na koti lake jipya. Alikumbuka alivyoyapanga maneno yake mwenyewe, na hata sasa angeweza kuyakariri yote. Alikumbuka binti akijibu, tena akijibu kwa kirefu, mkono umeshika kitambaa. Lakini maneno yenyewe hayakuwapo. Alichobakiwa nacho ni kile alichokwenda kuwaambia wazazi wake jioni ile: "Anasema amekubali."

"Nitakumbuka," alisema.

"Kama hukumbuki, si dhambi. Lakini usimtungie kabla hujafanya kazi. Nenda kawasikilize watu. Usiandike walichomaanisha, andika walichosema. Halafu urudi."

Basi Kinywa akaingia mitaani na penseli. Mwanzoni alijisikia mpuuzi, mtu mzima anayetega sikio penye maneno yasiyomhusu. Lakini kadiri alivyosikiliza, ndivyo hamu ilivyompanda. Kwa kinyozi aligundua kwamba watu hawajibu walichoulizwa. Mteja aliuliza, "Utamaliza saa ngapi?" na kinyozi akajibu, "Kwani una gari?" Wote wawili wakaelewana vizuri kabisa. Kwa muuza viatu alisikia mama mmoja akianza sentensi tano bila kumaliza hata moja, na bado muuzaji alimpunguzia bei. Aliona kwamba mwenye hasira huweza kusema maneno mazuri sana, na kwamba wapenzi wawili kwenye benchi la kliniki walikuwa wakibishana juu ya sabuni ilhali hawakuwa wanazungumzia sabuni hata kidogo. Yote haya yalikuwapo miaka yote. Yeye alikuwa ameyapiga pasi.

Mchana mmoja alirudi nyumbani mapema akapitia mlango wa nyuma ili anywe maji. Kutoka chumba cha mbele alisikia kicheko cha mwanamke, kicheko cha kutoka tumboni. Akadhani ni mteja.

"Fundi, hii nguo inanibana, utaniua!" sauti moja ililalamika.

"Haikubani, shoga. Inakukumbatia. Ni wewe hujazoea kukumbatiwa."

"Haa! Fundi una maneno wewe!"

"Nina maneno? Mimi nina uzi tu. Geuka. Geuka, nimesema, usinipe ubavu, sina kesi na ubavu. Ona hapa. Vipimo ulivyonipa vilikuwa vya mwaka gani? Vya utoto wako?"

Kinywa alishika kikombe hewani. Sauti ya kwanza hakuijua. Ya pili aliijua, na ndiyo iliyompiga butwaa, kwa sababu hakuwahi kuisikia ikifanya hivi. Ilipanda, ikashuka, ikachokoza, ikasubiri mwenzake acheke, ikachokoza tena. Alisimama jikoni akiwa hata penseli ameisahau mfukoni. Ndiyo kusema siku zote alipokuwa mahakamani chumba hiki kilikuwa kikivunjika mbavu kwa vicheko, na alipostaafu akaja kukaa mle na gazeti lake, kikanyamaza. Yeye alidhani biashara imeshuka. Alihisi wivu, na wivu wenyewe haukuwa na mtu mmoja wa kumwonea. Alimwonea wivu kila mwanamke aliyepata kushonewa gauni.

Alingoja mteja aondoke. Kisha akaingia, akavuta kile kigoda cha wateja, akaketi. Mama Fundi alishtuka kumwona upande ule.

"Umekuja saa ngapi?"

"Sasa hivi." Alikuwa amewapelekea maswali wezi, mashahidi wa uongo na mpima viwanja mmoja mwenye kiburi, lakini hili hakuna hakimu aliyemtuma kuliuliza. "Mke wangu, nataka kukuuliza kitu."

"Wewe?" Mguu wa Mama Fundi ulisimama juu ya pedali. "Unauliza? Unaumwa?"

"Siumwi. Siku ile nilipokuja dukani kwenu. Nilipokuomba tuoane. Ulinijibu nini?"

Mkewe alichomoa pini mbili kwenye kitambaa, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, moja moja, bila haraka.

"Hukumbuki?"

"Nakumbuka nilivyowaambia nyumbani. Ulichosema wewe sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," Mama Fundi alisema. "Nilikwambia, 'Wewe kaka, unaniomba ndoa kama unanisomea mashtaka. Nenda nyumbani, kale, ulale, kesho urudi uniulize tena kama mtu.' Hivyo ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno."

Barabarani ilipita baiskeli ikipiga kengele. Kinywa alisikia masikio yake yakiwaka moto.

"Hukukataa," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikukubali vilevile. Nilisema uniulize kesho. Kesho nikavaa gauni la bluu, nikakaa mlangoni toka asubuhi. Ukaja kweli. Ukaja na baba yako, na baba yako mdogo, na shangazi zako wawili, mmeshavaa. Mama akaniambia, 'Wageni wamejaa sebuleni, mwanangu, wanasema umekubali.' Ningesema nini mbele ya shangazi zako?"

"Ungesema hapana."

"Nilikuwa sina hapana. Nilikuwa na ndiyo yangu, nimeitunza usiku kucha, nalingoja swali lake. Swali halikuja." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikasema labda ataniuliza wiki ijayo. Labda tukishahamia. Labda mtoto akizaliwa. Baadaye niliacha kungoja, nikashona."

Kinywa aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni ambayo hakujua kuipa jina. Katika kazi yake, dai lisilokanushwa lilihesabiwa limekubaliwa, na kanuni hiyo ilimfaa sana kortini. Kumbe siku ile ile ya kwanza aliivusha hadi kwenye ndoa yake, akaihukumu kabla haijasema.

"Ningekuuliza leo," alisema hatimaye, "ungejibuje?"

"Ungeniuliza kesho yake, ningesema ndiyo. Ungeniuliza mtoto alipoota jino, ningesema ndiyo." Mama Fundi alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Leo sijui. Sikutanii, wala sikuadhibu. Sijui. Ni swali kubwa, na umelileta nina nguo ya mtu mkononi."

"Na kule kwa binti yetu, unataka kukaa muda gani?"

"Hilo nalo sijui. Nilisikia tu kwenye simu kwamba ninakaa mwezi mmoja."

Zamani Kinywa angelihitimisha jambo hilo kwa sentensi moja safi. Safari hii aliliacha wazi, akabaki kigodani. Mama Fundi alianza tena kukanyaga pedali, naye hakuondoka. Mteja mwingine alipoingia na kuuliza, "Mama Fundi, nguo yangu imeiva?" Kinywa alijiuma mdomo, na mkewe akajibu, "Imeiva, inakungoja wewe uive." Mteja akacheka. Kinywa naye akacheka, na mkewe akamtazama kwa mshangao kama mtu aliyekuta fenicha mpya sebuleni mwake.

Aliiandika hadithi upya. Safari hii, kila alipofika kwenye maneno ya binti, alikwenda chumba cha mbele kuuliza. "Ulisema 'kaka' au 'bwana'?" "Ulikuwa umesimama au umekaa?" Mara nyingine Mama Fundi alimfukuza, "Hebu nipishe, nahesabu mikunjo!" na hayo pia aliyaandika. Mara nyingine aliongea mpaka chai ikapoa, akisimulia mambo ya duka la zamani ambayo Kinywa hakuwahi kuyasikia, ingawa yalitendeka umbali wa nyumba chache kutoka kwao. Alishangaa kwamba mtu anaweza kuishi na mwenzake chini ya bati moja na bado akawa mgeni wa habari zake. Lakini begi kubwa lilibaki pale pale chini ya dirisha, mkasi ndani yake, na siku ya safari ilikuwa imeshapangwa.

Mhariri alipoisoma, hakufunika kitu kwa kiganja. Hakukuwa na haja. Alicheka kwenye "unaniomba ndoa kama unanisomea mashtaka", na alipofika penye shangazi wawili aliishusha miwani kutoka kichwani akaivaa, kisha akaivua akaifuta.

"Huyu mama anaongea, mzee wangu. Namsikia mpaka hapa. Lakini hadithi haina mwisho. Kijana ameuliza tena, umefungua semi, halafu hakuna kitu. Alijibuje?"

"Hajajibu bado."

"Malizia basi. Andika amekubali, tuchape."

"Hapana, mwanangu," Kinywa alisema. "Hilo niliwahi kuliandika. Tumngoje mwenyewe."

Siku ya safari walikwenda wote wawili kituo cha mabasi. Palikuwa na kelele za injini na za wapiga debe, na mkata tiketi alikaa nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kupitishia sauti. Mama Fundi alisimama mbele ya tundu. Kinywa alisimama nyuma yake, amebeba begi.

"Mama, tiketi ya kwenda tu, au kwenda na kurudi?" mkata tiketi aliuliza.

Mama Fundi hakujibu mara moja. Basi moja lilikuwa likinguruma karibu, na foleni nyuma yao ilianza kuguna. Mkata tiketi alikuwa na haraka. Akainua shingo akamwangalia mwanamume aliyesimama nyuma, kama wanavyofanya watu wengi.

"Mzee, mama anasemaje?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa maisha yake yote, na maisha yake yote hakukosa jibu. Jibu lilikuwapo hata sasa, limeshanyooka, limefika ncha ya ulimi. Kwenda na kurudi, mwezi mmoja. Kulisema kulikuwa rahisi kuliko kupumua, na pengine mkewe angelinyamazia kama alivyoyanyamazia mengine yote. Kinywa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Sijui," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mama Fundi aligeuka. Alimtazama mumewe kuanzia kwenye viatu hadi kwenye mvi, na uso wake ukafunguka kwa kile kicheko cha chumba cha mbele, ambacho hakuwahi kumpa ana kwa ana. Kisha akainama kwenye tundu la kioo na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni:

"Kwenda na kurudi. Lakini tarehe ya kurudi usiiandike, nitaisema mwenyewe. Na huyu mzee mkatie ya kwenda mwezi ujao, kama anataka." Akamgeukia mumewe. "Unataka?"

"Nataka," Kinywa alisema.

Na hilo ndilo jibu la kwanza alilolitoa bila kulitoa kwa niaba ya mtu, baada ya kulipata swali ambalo yeye mwenyewe alichelewa miaka yote kuliuliza. Hakika wahenga hawakukosea waliposema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.